Mzazi na Kijana Ajifunzaye Kuendesha: Somo juu ya Amri ya Nne na Amri ya Tano



Wapendwa wasikilizaji, akina baba na akina mama, nanyi vijana mlioketi karibu na radio, twawasalimu wote: ninyi wa Masisi mnaokaa juu ya milima ya malisho, nanyi wa Walikale mnaokaa ndani ya msitu mkubwa. Katika somo lililopita tulieleza jinsi amri ya nne inavyowaagiza watoto kuwaheshimu wazazi wao. Leo twatazama upande wa pili wa amri ile ile. Mzazi naye ana deni kwa mtoto wake: kumlisha, kumvika, kumfundisha sala, kumpeleka shuleni, na kumwonyesha kazi itakayompa riziki. Na kazi inayotamaniwa sana na vijana wetu siku hizi ni kuendesha pikipiki.

Labda mmoja wenu atauliza: "Mkatekista, pikipiki ina neno gani na dini? Utufundishe Sakramenti, na mambo ya freni uwaachie mafundi." Twajibu: Sakramenti hupewa mtu aliye hai, na mtu huyo hupita barabarani. Anayemwua jirani yake kwa panga, na anayemwua kwa gurudumu kwa sababu hakutaka kupunguza mwendo, wote wawili watasimama mbele ya Mungu wakiulizwa juu ya amri ya tano. Tena baba anayempa mwanawe ufunguo bila mafundisho ataulizwa pamoja naye.

Kanisa lenyewe limesema waziwazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, aliyoitangaza Papa Yohane Paulo II mwaka 1992, katika fungu la 2290, yafundisha kwamba mtu anayehatarisha maisha yake na ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo wa kasi, ana kosa zito. Tena mwezi wa Juni 2007 baraza moja la Roma lililoshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa maagizo juu ya uchungaji wa barabara, na ndani yake mna mashauri kumi kwa waendeshaji. Shauri la kwanza lakataza kuua. Jingine lawaagiza waendeshaji wamlinde yule aliye dhaifu zaidi njiani. Jingine lasema kwamba chombo cha safari kisiwe njia ya kuonyesha ukubwa na kutawala wengine.

Wala mambo haya si madogo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilihesabu kwamba katika mwaka 2021 watu 1,190,000 hivi walikufa barabarani duniani kote. Na katika watu wa umri wa miaka 5 hata 29, hakuna jambo linaloua zaidi kuliko ajali za barabara. Angalieni umri huo: ndio umri wa watoto wetu.

MFANO WA TOBITI

Katika Maandiko Matakatifu mna baba mmoja aliyemtuma mwanawe njiani, naye ni mzee Tobiti. Alikuwa kipofu na maskini. Alikumbuka fedha alizoziweka kwa Gabaeli, huko Rage katika nchi ya Media, akataka mwanawe Tobia aende kuzichukua. Safari ilikuwa ndefu, na kijana hakuijua njia.

Je, Tobiti alifanya nini? Hakusema: "Wenzako wote husafiri, nenda tu." Kwanza alimketisha akampa mashauri marefu juu ya Mungu, juu ya maskini, juu ya ulevi, na juu ya kumlipa mfanyakazi ujira wake bila kukawia. Pili alimwambia atafute mtu mwaminifu anayeijua njia, wafuatane. Tatu, mtu huyo alipopatikana, mzee alimwuliza ukoo wake na jina lake, ndipo akapatana naye ujira wa kila siku. Hakujua bado kwamba yule aliyejiita Azaria alikuwa Malaika Rafaeli. Na mama yake, Ana, alilia, kwa maana moyo wa mama waona mtoto ni bora kuliko fedha.

Basi hapa twapata mafundisho yote ya leo. Mzazi asiyeona aweza kumwongoza mwana anayeona. Vivyo hivyo mzazi asiyejua kuendesha aweza kumsaidia mwana anayejifunza. Ampe mashauri, amtafutie mwalimu mwaminifu, amchunguze mwalimu huyo, amlipe haki yake. Na mama akilia, asichekwe.

MAZUNGUMZO YA BABA NA MWANA

Tuchukue mfano. Tuseme kuna baba mmoja katika mlima wa Masisi. Ameuza ng'ombe wawili na magunia ya viazi, amenunua pikipiki kwa ajili ya riziki ya nyumba. Mwanawe wa kwanza ana miaka kumi na mitano, naye aja jioni akisema:

"Baba, shikamoo. Naomba ufunguo. Wenzangu wanaendesha, nami nitakuletea fedha kila jioni."

"Marahaba, mwanangu. Nani amekufundisha?"

"Hakuna, baba. Nimetazama. Si kazi ngumu."

"Hata mbuzi wetu hutazama magari yakipita kila siku ya soko. Je, nao niwape ufunguo?"

Kijana acheka, lakini machozi yamlengalenga. "Baba, wadogo zangu wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya fedha za shule. Nataka kukusaidia."

Hapa, wapendwa, tusimcheke kijana huyu. Moyo wake ni mzuri, na neno lake ni la kweli. Baba akimfukuza kwa ukali, kijana ataenda kujifunza kwa siri, kwa pikipiki ya mtu mwingine, usiku, akiwa na wenzake wasiojua kitu. Baba akimpa ufunguo kwa huruma tu, labda atamzika kabla ya mwezi kwisha. Njia ya haki iko katikati, nayo ni ngumu kuliko hizo mbili: amfundishe polepole, akiwa pamoja naye.

Kwa hiyo baba mwenye hekima hujibu: "Mwanangu, nimekusikia, nami nashukuru. Leo sikupi ufunguo, lakini nakupa mwanzo. Kesho tutaanza kuijua pikipiki ikiwa imezimwa. Shule hutaiacha. Na abiria hutamchukua mpaka siku nitakayokuambia mimi." Neno hili si "hapana", wala si "ndiyo" ya haraka.

Na sheria ya nchi, je? Sheria ya barabara ya Kongo ilitolewa tarehe 30 Agosti 1978, nayo hutaka kila mwendeshaji awe na permi. Asiyetimiza miaka 18 hapewi permi ya kuendesha gari. Sisi twaongeza shauri la busara: hata kwa pikipiki, kijana asibebe watu kwa fedha kabla ya umri huo. Mwenye miaka kumi na mitano aweza kujifunza uwanjani pamoja na baba yake. Lakini maisha ya mama mjamzito anayepelekwa hospitali hayafai kuwekwa mikononi mwa mtoto.

MAFUNDISHO KWA UTARATIBU

Samaki mkunje angali mbichi. Haya ndiyo mafundisho ambayo mzazi, au mwalimu aliyemchagua, aweza kuyafuata.

La kwanza: aanze na anachokijua. Watoto wa Masisi wana shule moja waliyoijenga wazee wao, nayo ni chukudu. Chombo hicho cha mti, chenye magurudumu mawili yaliyovikwa mpira, hakina injini wala esansi, lakini kimebeba viazi, makala na kuni za Kivu kwa miaka mingi, hata katika mji wa Goma wamekisimamishia sanamu. Aliyeshuka mlima na chukudu yenye mzigo amekwisha kujifunza mambo matatu: mzigo husukuma, mteremko hauna huruma, na freni hutumiwa mapema. Baba asiyejua pikipiki lakini aliyesukuma chukudu ujanani asiseme kwamba hana la kufundisha.

La pili: pikipiki ikiwa imezimwa. Kijana ataje kila kitu na kazi yake: freni ya mbele, freni ya nyuma, ambreyaji, vitesi, mnyororo, taa, honi, mipira. Asukume pikipiki kwa mikono mpaka aujue uzito wake. Aisafishe. Akague freni na mipira kila asubuhi kabla ya kuiwasha. Anayeona kazi hiyo ni aibu, bado hajastahili kuketi juu yake.

La tatu: kusimama kabla ya kwenda. Wengi hufundisha kwanza kuondoka, nao hukumbuka freni mti ukiwa mbele yao. Sisi twasema: kijana ajifunze kusimama mara mia, ndipo ajifunze kukimbia. Mahali pawe tambarare na wazi, kama uwanja wa mpira, saa ambayo watoto hawapo. Atumie freni zote mbili pamoja, kwa nguvu inayoongezeka polepole. Freni ya mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi. Lakini ikibanwa ghafula katika matope au katika kona, gurudumu huteleza na mtu huanguka.

La nne: hesabu ya mwendo. Vijana waliosoma waifanye hesabu hii pamoja na wazazi. Anayekwenda kilometa 30 kwa saa hupita zaidi ya mita 8 katika nukta moja tu. Anayekwenda kilometa 60 hupita karibu mita 17. Macho yakiona mtoto ametoka nyumbani, mkono huchukua kama nukta moja kufikia freni, na muda huo pikipiki yaendelea tu. Kisha mwendo ukiwa mara mbili, nafasi ya kusimamia yahitaji kuwa mara nne. Penye udongo mkavu, aliyehitaji mita 7 katika mwendo wa kilometa 30 atahitaji mita 28 katika kilometa 60. Penye matope atahitaji zaidi sana. Basi kijana akisema, "Nilimwona mtoto lakini sikuweza kusimama," kosa lilianza kabla ya kumwona.

La tano: kupanda na kushuka. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari. Ukitoka Sake kupanda Mushaki, wafika katika milima inayopita mita 2,000. Ukiendelea mpaka Walikale, washuka tena mpaka msituni, chini ya mita 1,000. Kwa hiyo njia yetu ni ya kupanda na kushuka, na kushuka ndiko kunakoua. Mtu ashuke kwa vitesi ya chini, ili injini yenyewe izuie mwendo, wala freni zisichoke kwa moto. Kuna wanaozima injini mteremkoni ili kupunguza esansi. Mzazi alikataze jambo hilo kabisa. Esansi inayopatikana hivyo ni ya bei ghali mno.

La sita: mvua na madaraja. Kijana aanze njia katika miezi ya kiangazi, tangu Juni hata Agosti, udongo ukiwa mgumu. Mvua zikirudi, ajifunze upya kana kwamba hajui. Kamyo zikipita katika matope huacha mifereji miwili mirefu. Pikipiki ikiingia humo, usukani usikunjwe kwa nguvu. Penye daraja la miti, asimame, ashuke, atazame mbao moja moja. Abiria avuke kwa miguu. Aliyechelewa kidogo kwa sababu ya daraja, mke wake hatalalamika.

La saba: upande wa njia. Katika Kongo twashika upande wa kuume, kama katika Rwanda. Katika Uganda na Tanzania hushika upande wa kushoto, na magari mengi yanayotoka huko yana usukani upande mwingine. Shofere wa gari kama hilo, akitaka kupita mbele ya kamyo, haoni vizuri. Kijana asikae karibu na ubavu wa kamyo, wala asipite mbele yake katika kona.

La nane: kaski. Wataalamu waliokusanya uchunguzi mwingi mwaka 2008 walionyesha kwamba kaski hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini kaski gani? Si ile iliyoning'inia mkononi ikingoja kuonyeshwa polisi. Ni ile iliyo kichwani, na kamba yake imefungwa. Na abiria ana kichwa pia. Wengine huvaa medali ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri. Ni vema kumwomba. Lakini medali haishiki kazi ya freni, na anayemjaribu Mungu asiseme kwamba anamtumaini.

La tisa: pombe, usiku na mizigo. Aliyekunywa kasiksi au lotoko asiendeshe, hata kama asema kwamba yuko sawa. Kinywa chake ndicho kinachosema hivyo, wala si macho yake. Usiku, asiye na taa asitoke. Na pikipiki haikuumbwa kwa watu wanne na gunia juu yake. Kila mtu anayeongezwa huongeza safari ya freni.

JINSI MZAZI ANAVYOPASWA KUFUNDISHA

Wapendwa wazazi, sasa twasema nanyi. Kijana anayejifunza huogopa mara mbili: aogopa pikipiki, na amwogopa baba yake. Baba akipiga kelele "Freni! Freni! We mjinga!", mtoto hubana kila kitu kwa pamoja akaanguka. Sema kwa sauti ya chini, sema mapema, sema neno moja kwa wakati. Akianguka, kwanza uliza, "Umeumia?", halafu ndipo uitazame pikipiki. Kwa swali hilo la kwanza mtoto atajua siku zote yupi apendwaye zaidi, yeye au chombo.

Tena mzazi afundisha kwa matendo. Baba anayekwenda bila kaski, anayerudi kutoka arusini amelewa juu ya pikipiki yake, asishangae mwana akifanya vivyo hivyo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na mabinti wakitaka kujifunza, wasifukuzwe. Mwuguzi au mwalimu wa kike anayejua kuendesha atafika mapema mahali wanapomngojea.

Sasa tuseme juu ya fedha, na hapa amri ya saba yaingia. Mwenye pikipiki, awe baba, awe mjomba, awe jirani, humwagiza kijana alete kiasi fulani kila jioni. Kiasi hicho kikiwa kizito mno, kijana atafanya nini? Atakimbia, atabeba watu watatu, ataendesha akiwa na usingizi, atapita mvuani. Mwenye pikipiki hakushika usukani, lakini yeye ndiye aliyemsukuma. Tobiti alipatana ujira wa haki kabla ya safari. Nasi tupatane kiasi ambacho kijana aweza kukileta kwa mwendo wa polepole, na siku ya mvua kubwa tusimdai.

Kuna hofu nyingine tunayoijua sote. Katika nchi yetu barabara haziogopwi kwa ajili ya kona peke yake. Mwezi wa Machi 2025 vita vilipofika Walikale mjini, watu wengi walikimbia. Njiani mna vizuizi, na kijana mwenye pikipiki hutakiwa na watu wengi kwa kazi zisizo njema. Mzazi amwambie mwanawe mapema: "Usibebe mzigo usioujua. Usiende usiku kwa sababu ya fedha nyingi. Ukiambiwa simama, simama. Wakitaka pikipiki, waache waichukue. Ng'ombe wawili waweza kununuliwa tena, bali wewe hununuliki." Maneno haya yasemwe nyumbani kabla ya hatari, kwa maana mtoto akiwa mbele ya hatari hana nafasi ya kufikiri kama baba atamkasirikia.

AKIMWUMIZA MTU

Hata mwendeshaji mwema aweza kumgonga mtu. Kijana afundishwe jambo hili kabla halijatokea. Asikimbie. Katika mfano wa Msamaria mwema, kuhani na Mlawi waliona wakapita kando, nao hawakumjeruhi mtu yule. Basi anayejeruhi kisha akapita kando ni mbaya kuliko hao. Na azuie damu kwa kubana kidonda kwa kitambaa safi. Majeruhi asivutwe shingo, wala asiketishwe juu ya pikipiki ikiwa mgongo au shingo vyamwuma. Achukuliwe kwa machela na watu wengi. Aite watu, ampeleke kituo cha afya, ajionyeshe kwa chifu au kwa polisi. Akiogopa hasira ya watu, akae mahali penye usalama kwa chifu, lakini asijifiche.

Kisha mzazi asimwache mwanawe peke yake. Afuatane naye kwenda kwa jamaa ya aliyeumia, alipe inavyowezekana, aombe radhi pamoja naye. Yale maagizo ya mwaka 2007 yashauri pia kwamba mkosaji na aliyekosewa wakutanishwe wakati ufaao, ili msamaha upate nafasi. Nasi wa Masisi na Walikale, ambao kisasi kimetuchosha, twajua thamani ya shauri hilo.

SIKU YA KUTOA UFUNGUO

Mtauliza: Tutajuaje kwamba kijana yuko tayari? Si kwa kuwa amejua kukimbia. Mtazameni anapokutana na bibi mwenye mzigo wa kuni: je, apunguza mwendo? Mtazameni wenzake wanapomcheka kwa sababu ya kaski: je, aiacha kichwani? Mpeni pikipiki yenye kasoro ndogo ya freni: je, aiona kabla ya kuondoka, akakataa kuiwasha? Anayeweza kumwambia baba yake mwenyewe, "Baba, leo siendi, freni si nzuri," huyo ndiye aliyeiva. Na siku hiyo baba asikasirike kwa kukosa fedha. Amshukuru Mungu.

MASWALI YA KUJIFUNZA KWA MOYO

Swali: Amri ya nne yamwagiza mzazi nini juu ya kijana anayetaka kuendesha?
Jibu: Yamwagiza amfundishe kwa subira, au amtafutie mwalimu mwaminifu, wala asimpe chombo kabla ya wakati.

Swali: Je, kuendesha kwa kasi au kwa ulevi ni dhambi?
Jibu: Ndiyo. Anayehatarisha maisha yake na ya jirani barabarani kwa ulevi au kwa kupenda kasi, ana kosa zito juu ya amri ya tano.

Swali: Mwenye pikipiki anayemdai kijana fedha nyingi mno kila siku, je, ana hatia?
Jibu: Ndiyo. Ana sehemu katika haraka ya kijana, na katika mabaya yanayoletwa na haraka hiyo.

Swali: Mkristu aliyemgonga mtu afanye nini?
Jibu: Asikimbie. Amsaidie, atoe habari kwa wakubwa, alipe awezavyo, aombe radhi.

Azimio la juma hili: Kila mzazi mwenye kijana nyumbani aketi naye jioni moja, amwulize anataka kazi gani, amsikilize mpaka mwisho bila kumkatiza. Na kila mwenye pikipiki akague freni zake kesho asubuhi kabla ya kwenda popote.

Tuombe. Ee Mungu, uliyempa kijana Tobia mwenzi wa njia, uwalinde watoto wetu katika milima ya Masisi na katika msitu wa Walikale. Uwape wazazi subira, uwape vijana masikio, uwarudishe wote nyumbani salama. Kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapendwa, hata somo lijalo. Mwende polepole.